Sura ya Saba: Milimita Tatu, Miaka Kumi

Mtu wa kwanza duniani kuwekewa lenzi ndani ya jicho aliamka akiwa haoni mbali. Alikuwa mama wa miaka 45 aliyefika hospitali ya St Thomas', London, akiwa na mtoto wa jicho. Tarehe 29 Novemba 1949 daktari Harold Ridley alimtoa lenzi ya asili iliyokuwa imeingia ukungu, na akaanza kazi ya kuweka mahali pake kipande cha plastiki ngumu kilichosuguliwa kwa umbo lilelile. Kazi hiyo aliifanya kimyakimya, kwa sababu alijua wakubwa wa fani yake wangemwambia nini. Jicho liliipokea plastiki. Hesabu ndiyo iliyokosewa. Plastiki hupinda mwanga kwa nguvu kuliko lenzi tuliyozaliwa nayo, kwa hiyo kuiga umbo kulikuwa kosa. Mama yule alibaki na tatizo la kutoona mbali la dayopta 18 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), na juu yake astigmatizimu ya dayopta 6. Hiyo ni namba ambayo muuza miwani yeyote angeomba muda wa kuitafuta.

Naanza na mama huyo kwa sababu lenzi ninazozieleza katika sura hii zinawekwa jichoni kuondoa maradhi hayohayo mawili ambayo lenzi ya kwanza kabisa iliyaleta. Sababu ya pili inahusu kile kilichompa Ridley ujasiri. Wakati wa vita kuu ya pili alitibu marubani wa Uingereza ambao vioo vya ndege zao vilikuwa vimepasukia usoni. Anayetajwa zaidi ni Gordon Cleaver, aliyepigwa angani Agosti 1940 akiwa hana miwani ya kinga. Ndani ya macho yake vilibaki vijipande vya Perspex, plastiki ya dirisha la ndege. Kitu cha kigeni kikiingia jichoni, kwa kawaida jicho huvimba, hutoa usaha na kuharibika. Vijipande vile vilikaa mwaka, miaka miwili, miaka mitano, na jicho likakaa kimya. Vita vikawa vimemfanyia Ridley utafiti ambao hakuna kamati ambayo ingemruhusu kuufanya: kuacha plastiki jichoni mwa binadamu na kungoja.

Kungoja ndiyo habari yenyewe. Lenzi ya jichoni haipimwi kwa asubuhi ya kufunguliwa bandeji. Asubuhi hiyo karibu kila mgonjwa anaona vizuri na karibu kila daktari anatabasamu.

*

Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Likirefuka milimita moja tu, picha inakusanyika kabla ya kufika kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, na mtu anapoteza karibu dayopta mbili na nusu au tatu za kuona mbali. Mwenye dayopta -9, basi, ana jicho lililozidi kwa milimita tatu hivi, unene wa sarafu moja au mbili. Astigmatizimu ni jambo jingine. Humo konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, haikupinda sawa pande zote kama mpira. Imepinda kama mgongo wa kijiko, mkali upande mmoja na mpole upande mwingine. Thomas Young aliligundua kwenye jicho lake mwenyewe na kulieleza mwaka 1801. Zaidi ya miaka ishirini baadaye mwanaastronomia George Airy alijitengenezea kioo cha kurekebisha jicho lake. Ukienda kupimwa na kuonyeshwa mistari iliyopangwa kama saa, ukaona ya saa tatu imekolea na ya saa kumi na mbili imefifia, umeungana na mabwana hao wawili.

Kwa namba ndogo, leza inatosha. Inakwangua konea na kuibadili umbo. Lakini konea nzima ina unene wa kama nusu milimita, na kila dayopta inayoondolewa inakula sehemu yake. Mwenye -10 akikwanguliwa hadi amalize namba yake, anaweza kubaki na konea nyembamba isiyoweza kuhimili msukumo wa jicho. Ndipo likaja wazo ambalo ukilisikia mara ya kwanza linaonekana rahisi mno: usikwangue kitu, usitoe kitu, ongeza kioo. Lenzi ya asili ibaki mahali pake ikifanya kazi yake, na mbele yake iwekwe lenzi nyingine nyembamba.

Kutoka konea hadi lenzi ya asili pana nafasi ya kama milimita tatu. Katikati inaning'inia irisi, ile duara yenye rangi, na mboni yake. Historia yote ya upasuaji huu ni historia ya watu waliogombania milimita hizo tatu, na kila aliyepata sehemu alipewa hati ya kufukuzwa baada ya miaka kadhaa.

*

Wa kwanza kujaribu alikuwa Mwitaliano Benedetto Strampelli, mwaka 1953. Aliweka lenzi mbele ya irisi, ikiegemea kwenye pembe ambayo irisi inakutana na ukuta wa jicho. Joaquín Barraquer wa Barcelona akaifuata njia hiyo na kuweka lenzi za namna hiyo kwa mamia ya macho. Mwanzoni zilisifiwa. Kisha konea zikaanza kuvimba. Zaidi ya nusu ya lenzi alizoziweka Barraquer zilibidi zitolewe.

Kilichokuwa kinatokea kinastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa bila kukijua huwezi kuelewa daktari anapima nini kila mwaka. Upande wa ndani wa konea umetandazwa safu moja ya seli, ziitwazo endothelia, zilizopangwa kama vyumba vya sega la nyuki. Kazi yake ni kuchota maji yaliyomo ndani ya konea na kuyarudisha jichoni, mchana na usiku. Zikiacha, konea inaloa na kuwa nyeupe kama dirisha la basi asubuhi ya masika. Kijana ana kama seli 3,000 katika kila milimita ya mraba, na hupoteza karibu asilimia 0.6 kwa mwaka kwa sababu ya umri tu. Seli hizi kwa binadamu hazizaliwi upya. Moja ikifa, jirani zake hutanuka kufunika pengo. Mtu anaweza kupoteza nusu ya akiba hiyo na bado akasoma mstari wa chini kabisa wa chati bila kosa. Zikishuka hadi kama 500, ghafla haoni, na dawa iliyobaki ni kupandikizwa konea ya marehemu.

Kwa hiyo unaweza kuwa unaharibikiwa na unafurahi. Lenzi ya Strampelli ilikuwa karibu mno na konea. Kila mtu alipofikicha jicho ilisogea, ikagusa, seli chache zikafa, na hakuna aliyehisi.

Waliofuata walijaribu kuiepuka konea kila mmoja kwa njia yake. Jan Worst, Mholanzi, alitengeneza lenzi yenye makucha mawili ambayo hubana kidogo nyama ya irisi, kama kibanio cha nguo kwenye kamba. Mwaka 1986 yeye na mwenzake Paul Fechner waliitumia kwa watu wasioona mbali. Kwa wagonjwa wengi ilitulia vizuri na Marekani iliidhinisha mwaka 2004. Watafiti wa Maastricht walifuatilia wagonjwa wao kwa miaka 10 wakihesabu seli. Waliowekewa lenzi ya kutoona mbali pekee walipoteza karibu asilimia 17 tangu mwezi wa sita baada ya upasuaji. Waliowekewa ile inayorekebisha na astigmatizimu walipoteza zaidi kidogo ya asilimia 21. Umri peke yake ungechukua kama asilimia 6. Katika macho machache lenzi ilitolewa kwa sababu hiyo pekee, huku mgonjwa akiwa bado anaona vizuri. Hebu fikiria mazungumzo hayo: unamwambia mtu anayeona ndege angani kwamba inabidi umrudishe kwenye miwani.

Mfaransa Georges Baikoff alirudi kwenye pembe ya jicho kwa lenzi zenye miguu bora zaidi. Miaka ikapita na mboni za baadhi ya wagonjwa zikaanza kuvutika na kuwa na umbo la yai, kama jicho la paka. Lenzi ya baadaye ya aina hiyo, Cachet ya kampuni ya Alcon, nayo iliondolewa sokoni kwa sababu ya seli zilezile. Sehemu ya mbele ya irisi ikabaki na sifa ya nyumba nzuri iliyojengwa kwenye njia ya maji.

*

Aliyehamia nyuma ya irisi alikuwa Mrusi Svyatoslav Fyodorov. Huyu angestahili sura yake mwenyewe. Kliniki yake ya Moscow ilikuwa na vitanda vilivyozunguka kama mkanda wa kiwandani, kila daktari akifanya hatua moja na kumpisha mgonjwa aende kwa mwenzake. Aligombea hata urais, na alikufa kwa ajali ya helikopta mwaka 2000. Mwaka 1986 aliweka lenzi ya silikoni yenye umbo la uyoga, shina likiwa nyuma ya irisi na kichwa kikichungulia kwenye mboni. Uyoga ule ulisugua pande mbili kwa wakati mmoja: irisi mbele, lenzi ya asili nyuma. Lakini mahali palikuwa sahihi. Nyuma ya irisi ndiko mbali zaidi na konea.

Kampuni ya Marekani, STAAR, ilichukua mahali hapo na kubadili mali ghafi. Lenzi yao imetengenezwa kwa plastiki laini inayonywa maji iliyochanganywa na kolajeni kidogo, inayoitwa Collamer. Ni laini kiasi kwamba huviringishwa kama mkeka ndani ya mrija mwembamba, ikapitishwa kwenye tundu la milimita tatu, kisha inajikunjua yenyewe taratibu ndani ya jicho. Daktari husukuma ncha zake nne nyuma ya irisi. Dakika chache na kazi imekwisha, bila uzi. Macho ya kwanza ya binadamu yaliipata mwaka 1993. Ulaya iliiruhusu miaka ya tisini, Marekani Desemba 2005, na ile yenye kurekebisha astigmatizimu Marekani iliisubirisha hadi 2018. Jina lake ni ICL, na leo karibu kila anayezungumzia lenzi ya kutoona mbali anaizungumzia hiyo.

Hapa nikiri kwamba nina maslahi. Nimevaa miwani tangu darasa la tano, ile ambayo watoto huiita chini ya chupa, na nikiivua siwezi kumtambua mtu aliyesimama upande wa pili wa meza. Niliposoma habari za ICL nilikwenda kupimwa. Daktari alikuwa dada kijana, mwenye subira. Alinipima kina cha nafasi iliyo mbele ya lenzi yangu, akazungusha kompyuta nione.

"Kaka, nyumba yako ina sebule ndogo," akasema. "Sofa itaingia, lakini mlango hautafunguka."

Nilikuwa na milimita 2.6. Kanuni inataka angalau 2.8, wengine wanadai 3. Na nilikuwa na miaka 44, ukingoni mwa umri unaoruhusiwa, umri ambao hata ningewekewa, miaka michache mbele ningetafuta miwani ya kusomea kama jirani zangu wote. Niliondoka na miwani yangu. Tangu siku hiyo nimekuwa msomaji mwenye kinyongo wa tafiti za muda mrefu. Naona inanisaidia kuzisoma bila mapenzi.

*

Ikishakaa nyuma ya irisi, ICL inakuwa kama daraja juu ya lenzi ya asili. Upana wa pengo kati yao ndio kila kitu. Madaktari wengi wanataka liwe kati ya robo na robo tatu ya milimita. Likiwa kubwa mno, lenzi inaisukuma irisi mbele, pembe ya kutolea maji inaziba, presha ya jicho inapanda. Likiwa dogo mno, lenzi mbili zinakaribia kugusana, maji yanayolisha lenzi ya asili hayapiti, na ukungu unaanza. Yaani mtoto wa jicho kwa mtu wa miaka 38.

Ugumu ni kwamba upana wa mahali inapokaa, mfereji mwembamba nyuma ya irisi, hauonekani kwa nje. Kwa muda mrefu madaktari walipima upana wa ile sehemu nyeusi ya jicho kutoka weupe hadi weupe, wakakadiria ya ndani. Ni kama fundi anayekupima suruali ukiwa umevaa kanzu. Lenzi huja kwa saizi nne tu: 12.1, 12.6, 13.2 na 13.7. Baadaye vikaja vipimo vya mawimbi ya sauti na vya mwanga vinavyochungulia hadi ndani, na suruali zikaanza kukaa vizuri zaidi.

Lausanne, Uswisi, katika hospitali ya macho ya Jules-Gonin, madaktari waliwaita tena wagonjwa waliowekewa ICL kati ya 1998 na 2004. Walikuwa 78, macho 133. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, ndiyo ninayorudi kuyasoma kila ninaposikia tangazo. Baada ya miaka mitano, asilimia 40.9 ya macho yalikuwa na ukungu fulani kwenye lenzi ya asili. Baada ya miaka kumi, asilimia 54.8. Waliofikia kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walikuwa asilimia 4.9 kwenye miaka mitano na 18.3 kwenye kumi. Na lile pengo? Mwanzoni lilikuwa wastani wa mikroni 426. Baada ya miaka kumi lilikuwa 213. Limepungua nusu, bila mtu kuligusa.

Sababu ya kupungua ni kwamba lenzi ya asili haiachi kukua. Inaongeza matabaka maisha yote kama shina la mti, karibu mikroni 20 kwa mwaka. Daktari aliyeweka lenzi mwaka 1999 alipima nafasi ya siku ile. Alipima shati la mtoto.

Tafiti nyingine zilikuwa na habari nyepesi zaidi. Chuo Kikuu cha Kitasato, Japani, walifuatilia macho 41 kwa miaka minane: seli za konea zilikuwa zimepungua asilimia 6.2, sawa na mwendo wa umri tu au karibu yake, na macho mawili yalihitaji upasuaji wa mtoto wa jicho. Namba ya macho ilikuwa imerudi nyuma kidogo sana, kama robo ya dayopta. Mapema zaidi, wagonjwa wa majaribio ya Marekani walipofika miaka saba na kuendelea, asilimia 6 hadi 7 walikuwa na ukungu wa mbele ya lenzi, na asilimia 1 hadi 2 tu ndio uliwasumbua. Ukungu uliwaandama zaidi wenye namba kubwa sana na waliowekewa wakiwa na umri mkubwa.

Kuna wanaozishika takwimu za Japani na kuzificha za Uswisi. Wapo na wanaofanya kinyume. Mimi naona haziupingi ukweli mmoja. Uswisi ilihesabu kila ukungu, hata ule ambao mgonjwa hauhisi, na macho mengi yalikuwa ya enzi ya kukadiria saizi kwa nje. Pengo dogo lilitembea pamoja na ukungu katika takwimu zao wenyewe. Ukichukua macho yaliyopata pengo la kutosha tangu mwanzo, picha inabadilika. Kilichoonekana Lausanne ni gharama ya kukosea saizi, ikalipwa kwa awamu za miaka kumi. Na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba walihesabu. Ni rahisi kuandika makala mwezi wa sita na kuhamia kwenye kifaa kipya.

*

Kifaa kipya kilikuja, na ni tundu.

Lenzi za zamani ziliziba mwendo wa maji ya jicho kupitia mboni, kwa hiyo wiki kadhaa kabla ya upasuaji mgonjwa alitobolewa vitundu viwili kwenye irisi kwa leza. Vitundu hivyo vikiziba, presha ilipanda usiku uleule na mgonjwa akarudi akitapika. Kimiya Shimizu wa Kitasato aliuliza swali ambalo lingemfanya mwalimu wa fizikia acheke: mbona tusitoboe lenzi yenyewe, katikati kabisa, mahali mtu anapotazamia? Tundu lina upana wa milimita 0.36. Piga hesabu: kwa mboni ya milimita tatu, linachukua kama asilimia 1.4 ya eneo lote. Mwanga unaopita humo bila kupindwa ni kidogo kiasi kwamba ubongo unaupuuza. Maji sasa yanapita katikati, yakiosha uso wa lenzi ya asili njiani. Leza ya irisi haihitajiki.

Ulaya ilianza kuitumia mwaka 2011, Marekani Machi 2022. Taarifa zilizotoka tangu hapo zinaonyesha ukungu wa lenzi umekuwa nadra mno ukilinganisha na vizazi vya nyuma. Wagonjwa wengine huona duara hafifu kuzunguka taa za magari usiku katika miezi ya kwanza, kisha wengi huizoea. Lakini kwa macho mengi ya Marekani yenye tundu, miaka kumi haijatimia. Tundu halizuii lenzi ya asili kukua, na halibadilishi saizi iliyokosewa.

Kwenye astigmatizimu shida ni ya aina yake. Lenzi hiyo ina mhimili, na lazima ulale sambamba na mhimili wa konea. Ikizunguka digrii 10, theluthi ya marekebisho inapotea. Ikizunguka 30, yote yamepotea, na zaidi ya hapo mtu anaona vibaya kuliko kabla. Daktari huweka alama kwenye weupe wa jicho mgonjwa akiwa amekaa wima, kwa sababu mtu akilala chali jicho lenyewe huzunguka kidogo. Lenzi isiyoshikwa vizuri, mara nyingi ile ndogo kuliko nafasi yake, inaweza kugeuka hata miezi baadaye, wakati mwingine baada ya kipigo cha mpira au kiwiko. Dawa yake ni kurudi chumba cha upasuaji na kuizungusha, au kuibadilisha. Kwa hiyo hata hapa tunarudi kwenye fundi na kanzu.

*

Kuna jambo ambalo wagonjwa walio na furaha zaidi ndio wanaolisahau. Lenzi haikufupisha jicho. Mwenye -12 anayesoma vibao vya barabarani bila miwani bado ana jicho refu, na retina yake bado imetandazwa nyembamba kama unga wa chapati uliosukumwa kupita kiasi. Inaweza kuchanika. Wenye kutoona mbali sana wana hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka kuliko watu wengine, wawe wamevaa miwani, wamekwanguliwa leza, au wamewekewa lenzi. Akiona vimulimuli pembeni, au nzi weusi wengi ghafla, au kivuli kinashuka kama pazia, ni suala la siku hiyohiyo. Nimesikia zaidi ya mtu mmoja akisema, "Macho yangu yalishapona." Hayakupona. Yamevishwa.

Kutoona mbali ni jambo la kuangalia kwa ukubwa wake. Utafiti wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba ifikapo 2050 karibu nusu ya watu duniani watakuwa na tatizo la kutoona mbali, na zaidi ya milioni 900 watakuwa na lile la namba kubwa. Asia ya mashariki imeshatangulia. Wengi katika hao wataitaka lenzi, na kampuni zimeshauza kwa mamilioni.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayefunga safari ya India kufanyiwa upasuaji huu, swali langu ni dogo: atakapomaliza, nani atahesabu seli za konea yake mwaka wa tatu, wa tano, wa nane? Darubini ya kuhesabia endothelia haipo kila kliniki ya macho. Mashine ya kupima lile pengo pia haipo kila mahali. Upasuaji unaweza kufanyika safari moja, ufuatiliaji hauna tiketi ya kurudi. Ningemshauri aulize hilo nyumbani kabla ya kulipa chochote huko, na alete vipimo vya siku ya kwanza kwa maandishi, kwa sababu namba ya mwaka wa tano haina maana bila ya mwanzo.

*

Na hata ikienda vizuri kabisa, ICL haizeeki na mtu hadi mwisho. Kila binadamu anayeishi muda mrefu hupata mtoto wa jicho, mwenye lenzi ya ziada na asiye nayo. Siku hiyo daktari hufungua tundu dogo lilelile, huishika ICL kwa kibanio na kuivuta nje. Inatoka kirahisi, laini kama ilivyoingia. Kisha hutoa lenzi ya asili iliyochoka na kuweka ya plastiki mahali pake, mjukuu wa ile ya Ridley, safari hii ikiwa na hesabu sahihi. Ridley aliishi hadi kuiona fani iliyomkataa ikimheshimu. Alipewa cheo cha Sir mwaka 2000 na akafariki mwaka uliofuata. Cleaver, rubani, alipata mtoto wa jicho uzeeni, na mwaka 1987 akawekewa lenzi ya plastiki katika jicho ambalo lilikuwa limebeba plastiki ya ndege kwa miaka 47.

Wagonjwa wa ICL hupewa kadi ndogo siku ya upasuaji. Ina namba ya lenzi, saizi yake, nguvu yake, na kwa wenye astigmatizimu, digrii za mhimili wake. Wengi huitia kwenye droo pamoja na risiti za luku. Daktari atakayeitoa lenzi hiyo baada ya miaka 20, huenda katika mji mwingine, ataanza kwa kuiulizia.